Viatu Viendavyo kwa Umeme

Binadamu amepewa miguu miwili, na kwa miguu hiyo amevuka majangwa na kupanda milima. Walakini hajapata kuridhika nayo. Alimpanda punda, akampanda farasi na ngamia, akaunda gurudumu, kisha akaunda gari. Hata baada ya hayo yote alibaki na tamaa moja: kwenda kwa kasi bila kupanda kitu, akiwa amesimama wima juu ya miguu yake mwenyewe. Tamaa hiyo ndiyo iliyozaa viatu vya magurudumu, na katika siku zetu imewafanya vijana wa nchi nyingi, katika vibanda na baraza za nyumba zao, waunganishe mota ndogo, betri na gurudumu moja, ili chombo hicho kiwasukume wakiwa wamevaa viatu hivyo.

Ukikitazama chombo cha namna hiyo, huenda ukadhani ni kitu cha mchezo tu. Usikidharau. Ndani yake zimekutana kazi za watu wa mataifa mbalimbali na wa zama mbalimbali, ambao wengi wao hawakuonana, na baadhi yao walikufa kabla ya kuyaona matunda ya jasho lao. Nakualika tufuate nyayo zao pamoja, tukiwa na maswali mawili mkononi. La kwanza: kwa nini jambo linaloonekana dogo hivi lilichukua zaidi ya miaka 200? La pili: kijana ashikaye mota na betri leo ana deni gani, na analo kwa nani?

Tuanze na viatu. Katika nchi za Ulaya zenye baridi kali, watu walizoea tangu kale kuteleza juu ya maji yaliyoganda, wakiwa wamefunga vyuma vyembamba chini ya viatu vyao. Joto lilipokuja barafu iliyeyuka, na mchezo ukakoma. Basi mtu aliyetaka kuteleza mwaka mzima ilimbidi atafute kitu kingine cha kuweka mahali pa chuma. Kitu hicho kilikuwa gurudumu.

Miongoni mwa wa kwanza tunaowajua kwa majina ni John Joseph Merlin. Alizaliwa mwaka 1735 katika mji wa Huy, katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji, akafika London mwaka 1760. Alikuwa fundi hodari wa ala za muziki na mashine za ajabu, na aliunda hata kiti cha magurudumu ambacho mgonjwa aliweza kukiendesha mwenyewe kwa mikono yake. Mwandishi Thomas Busby alisimulia baadaye kwamba Merlin alikwenda karamuni katika nyumba ya Carlisle House, London, akiwa amevaa viatu vya magurudumu alivyoviunda, huku akipiga fidla. Alijua kwenda, lakini viatu vyake havikuwa na njia ya kusimama wala ya kugeuka. Akaenda moja kwa moja akagonga kioo kikubwa chenye thamani ya zaidi ya pauni 500, akakivunja, akavunja fidla, na yeye mwenyewe akaumia vibaya. Wahenga wetu walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za Merlin ziliishia kiooni. Iweke habari hii akilini, maana tutaihitaji tena.

Mwaka 1819 Mfaransa aitwaye Petitbled alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, kwa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa katika safu moja. Mwaka 1823 Robert John Tyers wa London alipata hataza ya viatu vyenye magurudumu matano, nayo pia yakiwa katika safu moja. Kumbe safu moja, ambayo wengi hudhani ni mtindo wa juzi, ndiyo iliyotangulia! Sababu ni wazi: wavumbuzi hao walikuwa wakiiga chuma cha barafu, nacho ni chembamba kama wembe. Ila magurudumu yao yalikuwa magumu, na yalizunguka kwa taabu juu ya vyuma vyake. Kwenda mbele kuliwezekana. Kupinda kulikuwa shida.

Shida ya kupinda ilitatuliwa na James Leonard Plimpton wa New York mwaka 1863. Aliyapanga magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, akaweka mpira kati ya kiatu na magurudumu. Mtu alipoegemea upande mmoja, magurudumu yaligeuka yakamfuata. Kisha mwaka 1884 Levant Richardson, Mmarekani pia, alipata hataza ya kutia gololi za chuma ndani ya magurudumu ya viatu hivyo. Gololi hizo ndizo tuzitumiazo katika beringi za baiskeli. Hubadili msuguano wa kukwaruza uwe msuguano wa kubingirika, na msuguano wa kubingirika ni mdogo sana. Hapo ndipo mguu mmoja uliposukuma mara moja na mwili ukaenda mbali.

Zaidi ya miaka 100 baada ya Plimpton, safu moja ilirudi. Katika miaka ya 1970 magurudumu ya plastiki iitwayo poliuretani yalianza kutumika; hayakuwa magumu kama chuma wala hayakuisha upesi kama mpira, nayo yaliishika barabara vizuri. Karibu na mwaka 1980 kijana Scott Olson wa Minneapolis, Marekani, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, aliona katika duka la vitu vilivyotumika jozi ya viatu vya safu moja. Alitambua kwamba angeweza kufanya mazoezi wakati wa joto. Yeye na ndugu yake wakavirekebisha, wakaanza kuviuza, na jina la biashara yao, Rollerblade, likaenea duniani. Kwa hiyo fikira ya mwaka 1819 ilingoja gololi, ikangoja plastiki, ndipo ikafaulu. Haikuwa fikira mbaya; ilikuwa imekuja kabla ya wenzake.

Sasa tuiache miguu tuuendee umeme. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake ya kwanza. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Mwaka 1821 Michael Faraday wa Uingereza aliutumia ugunduzi huo, akaufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku mfululizo. Faraday huyu alikuwa mtoto wa mhunzi, na alianza maisha akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Elimu yake aliipata kwa kuvisoma vitabu alivyopewa avijalidi. Waya wake uliozunguka haukuweza kusukuma hata kisoda, lakini ndio bibi wa mota zote.

Mhunzi wa pili katika habari yetu ni Thomas Davenport wa jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 1833 alisikia kwamba katika kiwanda cha chuma huko Crown Point, New York, kulikuwa na sumaku itumiayo umeme, iliyoweza kuinua chuma kizito. Alikwenda, akaiona, akainunua. Aliporudi nyumbani hakuiweka aitazame. Aliifungua kipande kwa kipande, na mkewe, Emily, akaandika namna kila waya ulivyozungushwa. Inasimuliwa kwamba walipotaka kuunda sumaku yao wenyewe, walikosa kitu cha kutenga waya mmoja na mwingine, na Emily akalitoa gauni lake la hariri la harusi, likakatwa vipande vyembamba. Mwaka 1834 mota yao ilizunguka, na mwaka 1837 Davenport alipata hataza.

Je, alitajirika? Hakutajirika. Alifariki mwaka 1851 bila kupata faida ya kazi yake. Mota ilikuwa nzuri, lakini chakula chake kilikuwa ghali. Betri za siku zile zilikula madini ya zinki, kama jiko linavyokula makaa, na zinki iligharimu mara nyingi zaidi ya makaa yaliyoendesha mashine za mvuke. Mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua yenye abiria zaidi ya 10 kwa umeme katika mto Neva, huko Urusi. Watu walistaajabu, nao ustaajabu wao haukupunguza bei ya zinki hata kidogo. Mambo yakabaki hapo.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi, nayo iliweza kujazwa umeme tena baada ya kwisha. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, aliifunga mota na betri za kujazwa katika baiskeli ya magurudumu matatu, akaiendesha katika barabara ya Paris. Umeme ukawa umetembea barabarani. Lakini risasi ni nzito, na mtu hawezi kubeba mgongoni mzigo ambao baiskeli ya magurudumu matatu yaubeba. Ndiyo sababu, mwaka 1906, Mfaransa aitwaye Constantini alipotengeneza viatu vya magurudumu vyenye mota, alichagua mota za petroli. Hebu fikiri: moto, moshi na petroli kwenye vifundo vya miguu! Haishangazi kwamba havikuenea.

Yaliyofungua mlango ni mambo mawili ya miaka ya karibu. La kwanza ni sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa huko Japani, na wataalamu wa kampuni ya General Motors huko Marekani, kila upande peke yake, walipata sumaku mpya ya chuma, boroni na madini yaitwayo neodimi. Sumaku hiyo ni ndogo lakini ina nguvu nyingi, na mota iliyokuwa kubwa kama chungu ikawezekana kuwa ndogo kama kikombe. La pili ni betri ya lithi. M. Stanley Whittingham aliianza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, aliiendeleza kwa kutumia lithi pamoja na kobalti. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaifanya iwe salama kwa matumizi. Na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Watu hao watatu walishirikiana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Tupige hesabu kidogo, kwa maana historia isiyopimwa huwa hadithi. Tuseme msichana na vyombo vyake vyote vina uzito wa kilo 70, naye anakwenda kilomita 15 kwa saa juu ya lami iliyo sawa. Nguvu ya kuyashinda magurudumu na upepo ni takribani wati 70, si nyingi kuliko balbu kubwa za zamani. Kwa kuwa mota hupoteza sehemu ya umeme kuwa joto, tuseme atatumia wati 100. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Basi itamchukua zaidi ya saa 1. Betri kama hiyo ikiwa ya risasi ingekuwa na uzito wa kilo 4 au 5. Ikiwa ya lithi, seli zake hazifiki hata kilo 1. Umeona sasa kwa nini Davenport hakuweza? Hakupungukiwa akili, alipungukiwa kilo hizo.

Ama chombo chenyewe, fundi wa nyumbani ana njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga mota kwenye kiatu. Njia hiyo ina matata. Mtelezaji huinua mguu mmoja na kuuweka mwingine, hivyo mota huwa hewani nusu ya safari. Tena nguvu isukumayo nyayo huacha mwili nyuma. Umepata kusimama ndani ya basi, nalo likaondoka ghafula? Miguu ilikwenda, kichwa kikabaki. Hayo ndiyo yampatayo mwenye mota miguuni.

Njia ya pili ni gurudumu moja la nje, lenye mota yake na betri yake, lililofungwa kwenye fremu nyepesi yenye mpini. Mtelezaji huishika, nayo humvuta au kumsukuma karibu na kiuno, palipo na kitovu cha uzito wa mwili. Mota hupatikana hata katika keekee ya umeme iliyokufa kitufe lakini haijafa moyo. Mkanda au mnyororo huipeleka nguvu yake kwenye gurudumu, na kidhibiti hupima umeme utokao katika betri. Swichi iwe ya namna inayokata umeme mara tu kidole kinapoiachia, ili mtu akianguka chombo kisiendelee na safari peke yake.

Hapa ndipo tunapomrudia Merlin na kioo chake. Swali la kwenda huulizwa na kila mtu. Swali la kusimama huulizwa na mwenye busara. Mtelezaji aendaye kilomita 15 kwa saa, mwenye breki nzuri, aweza kusimama katika mita 4 au 5. Akiongeza mwendo ufike kilomita 30, hahitaji mita 9. Ahitaji zaidi ya mita 17, kwa maana mwendo ukizidi mara 2 masafa ya kusimama huzidi mara 4. Na nguvu inayoliwa na upepo huzidi mara 8. Kwa hiyo aongezaye kasi hulipa kote kuwili: hulipa kwa betri, na hulipa kwa hatari. Kofia ngumu, kinga za magoti na za mikono, na mahali pasipo na magari si mapambo ya waoga. Kadhalika betri ya lithi haisamehe: ikitobolewa, ikijazwa kupita kiasi, au nyaya zake mbili zikigusana, yaweza kuwaka moto usiozimika upesi. Betri iliyovimba au iliyobondeka haifai kufunguliwa, inafaa kuepukwa. Na yeyote asiyeijua kazi hii aifanye pamoja na aijuaye, hasa mwalimu wake wa fizikia au fundi wa umeme.

Limebaki swali la pili, la deni. Tumewataja Mwitalia, Mdenmaki, Waingereza, Wafaransa, Wamarekani na Wajapani. Ukidhani kwamba Afrika haimo, umekosea. Goodenough alitumia kobalti, na hata leo betri nyingi za lithi zina kobalti ndani yake, ingawa ziko nyingine zisizoihitaji. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, katika nchi ya Katanga ya zamani, kando kando ya miji kama Kolwezi, ambako watu huzungumza Kiswahili sokoni na migodini kama wewe na mimi. Sehemu kubwa huchimbwa kwa mashine za makampuni. Sehemu nyingine huchimbwa kwa sululu na mikono mitupu, katika mashimo yanayoweza kubomoka, na miongoni mwa wachimbaji hao wameonekana watoto walio na umri wa kuwa darasani. Basi kijana wa Nairobi atelezaye kwa viatu vyake siku ya mapumziko, au apandaye pikipiki ya umeme, huenda amebebwa na jasho la mtu ambaye angeweza kumsalimu kwa lugha yake mwenyewe, naye akaitikia.

Sisemi haya ili utupe betri. Kuitupa betri hakumlipi mchimbaji, na tena kunaitia sumu ardhi. Nasema ili ujue thamani ya kilicho mkononi mwako. Mwenye kujua kwamba kitu kimepita katika mikono mingi hakiharibu ovyo: hukitengeneza kinapoharibika, hukitumia tena kinapochakaa, na huuliza kilikotoka kabla ya kukinunua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mvumbuzi mmoja hakukiunda chombo hiki. Petitbled alikuwa na viatu bila gololi; Davenport alikuwa na mota bila betri; Planté alikuwa na betri bila wepesi; Merlin alikuwa na mwendo bila breki. Kila mmoja alishika sehemu yake, akaiacha mezani kwa ajili ya ajaye.

Meza hiyo sasa iko mbele yako, msomaji, nayo haijajaa. Betri isiyohitaji mtoto ashuke shimoni bado inatafutwa iwe bora na rahisi kwa wote. Breki ya viatu vya safu moja, ambayo mwanafunzi wa siku ya kwanza angeweza kuitumia bila hofu, bado ina nafasi ya kutengenezwa vizuri zaidi. Mota zilizokufa kitufe zimelala katika majumba na gereji zetu zikingoja mtu wa kuzifungua kipande kwa kipande, na mwenziwe wa kuandika kila waya ulivyozungushwa. Faraday alianza kwa kuvisoma vitabu alivyopewa avijalidi, na Davenport alianza kwa kuifungua sumaku aliyoinunua. Wewe anza na kilicho karibu nawe, na kabla hujauliza kitakwenda kasi gani, uliza kitasimama namna gani na kimegharimu nini kwa wengine.